Asafu Alikuwa Mwanakwaya

Hotuba kwa wanakwaya, wazee wa kanisa na waumini wa parokia jirani, Masasi, mkoani Mtwara

Baba Padri, wachungaji wageni wetu, wazee wa kanisa, mama zangu, vijana wa kwaya: Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi ndugu zetu wa "Bwana Yesu asifiwe", nanyi nawasalimu kwa salamu yenu, maana leo tumekaa chini ya paa moja.

Nimeombwa niseme juu ya haki ya Mungu na ibada katika Zaburi. Nadhani walionichagua waliona kwamba mtu aliyefanya kazi mahakama ya mwanzo mpaka akastaafu lazima anajua habari za haki. Wamenipandisha cheo. Ninachokijua mimi ni mashauri: nani anafungua, nani anaukimbia wito, nani analia mbele ya hakimu na nani analia akishafika nyumbani. Lakini hata ujuzi huo mdogo una faida ukiwa umeshika Zaburi mkononi, kwa sababu kitabu hiki kimejaa watu wanaofungua mashauri.

Leo nataka tumfuate mtu mmoja anayewahusu zaidi ninyi vijana mliovaa majoho. Anaitwa Asafu. Ukisoma 1 Mambo ya Nyakati 15 utamkuta kati ya waimbaji waliopewa matoazi ya shaba, na sura inayofuata inamweka kuwa mkuu wao mbele ya sanduku la agano. Kwa lugha ya hapa kwetu alikuwa mwalimu wa kwaya. Zaburi 12 zina jina lake: ya 50, kisha ya 73 hadi ya 83. Wasomaji makini watanikatiza hapa, waseme Zaburi ya 74 na ya 79 zinalilia hekalu lililobomolewa, na hilo lilitokea karne nyingi baada ya Daudi. Ni kweli. Ndiyo sababu wengi huona jina lile linabeba ukoo mzima wa waimbaji. Ezra 2 inawahesabu wana wa Asafu waliorudi kutoka Babeli, waimbaji 128. Basi ninaposema Asafu, mnielewe kwamba nasema juu ya kwaya iliyorithishana kazi.

Na kwaya hiyo iliimba nini? Sikilizeni. Katika Zaburi ya 73 mwimbaji anamlalamikia Mungu. Katika ya 50 Mungu anawashtaki waabudu wake. Katika ya 82 Mungu anawashtaki mahakimu. Mimi nimehudhuria mashindano mengi ya kwaya katika mikoa hii miwili, Lindi na Mtwara, na nyimbo nilizozisikia ni za kushukuru, za kufariji, za mbinguni, za harusi. Nzuri zote. Wimbo wa kwaya inayomwambia Mungu "tumedhulumiwa, simama" sikumbuki kuusikia. Wala wa Mungu kuiambia kwaya "nanyi mmo".

Tuanze na ya 73. Asafu anasema miguu yake ilikaribia kuteleza. Nini kilitaka kumwangusha? Wivu. Aliwatazama wasio haki akaona wananenepa, hawaugui, wanasema kwa majivuno na watu wanawafuata. Akajiuliza kama mikono yake aliinawa bure. Nawaomba msipite hapo haraka. Huyu si mtu wa nje ya kanisa. Ni mwalimu wa kwaya, na imani yake imeyumba kwa sababu ya dhuluma aliyoiona ikistawi. Anakiri pia kwamba alijizuia asiseme hadharani asije akawapoteza watoto wa Mungu. Kwa hiyo alikuwa anaimba mbele ya watu huku moyoni ana kesi.

Kinachombadilisha ni kuingia patakatifu. Hapo, anasema, akautambua mwisho wao. Zaburi haitupi maelezo ya alichokiona ndani, na mimi sitajitungia. Najua tu kwamba hakupewa jibu la kwa nini waovu wanafanikiwa. Alipewa mahali pa kusimama ambapo mafanikio yale hayakuwa tena kipimo. Ibada ilimrudishia vipimo. Watu wa mkoa huu hawahitaji kuelezwa umuhimu wa kipimo.

Nije kwenye kipimo basi.

Wengi wenu mnakumbuka msimu wa korosho wa 2018/19. Bei minadani ilikuwa chini, wakulima wakagoma kuuza, na mwezi Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya jeshi yakaingia. Kisha ukaja uhakiki. Wewe unayesema una kilo hizi, tuonyeshe shamba lililozaa kilo hizi. Lengo lilikuwa kuwabaini watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho vijijini kwa vipimo visivyo rasmi, nje ya chama cha ushirika, kisha wanazipeleka ghalani kana kwamba wamelima wao. Wapo wakulima halali waliosubiri malipo yao kwa muda mrefu na kwa uchungu, na siwezi kulificha hilo. Lakini nilichokitazama mimi ni nyuso. Mwenye mikorosho yake aliukasirikia ucheleweshaji, ila kwenye shamba alikuwa anakwenda nao wahakiki bila wasiwasi, na mti kwa mti anawaonyesha. Mwenye kangomba alikuwa hapatikani kwenye simu.

Sasa someni Zaburi ya 26, mstari wa pili. Mtu anamwomba Mungu amjaribu na kumpima. Au mwisho wa ya 139: unichunguze, uujue moyo wangu. Au ya 43, inayoanza kwa kuomba kuhukumiwa. Tumezoea kuisikia hukumu ya Mungu kama tishio, mhubiri anapaza sauti na watu wanainama. Katika Zaburi mara nyingi ni kinyume: hukumu inangojwa kwa hamu. Zaburi ya 96 inaita bahari ivume, mashamba yashangilie, miti ya mwituni iimbe, na sababu ya shangwe yote hiyo ni kwamba Bwana anakuja kuihukumu nchi. Miti inafurahi kwa kuwa hakimu anakuja! Mtu aliyekaa mahakamani hashangai. Aliyedhulumiwa shamba hufika asubuhi kabla karani hajafungua mlango, na ukimwambia shauri limeahirishwa ndiye anayeumia. Ibada ya Zaburi ni ya watu wa namna hiyo. Wanakusanyika kwa sababu wanataka kikao kianze.

Ila hapohapo kuna jambo ambalo mlalamikaji husahau. Akishatoa ushahidi wake, naye anaulizwa maswali ya dodoso. Hakuna anayefungua shauri na kubaki nje ya shauri.

Ndiyo Zaburi ya 50. Na hapa nitakaa, mnivumilie.

Mungu anakuja kwa moto na tufani, anaziita mbingu na nchi ziwe mashahidi, kisha anasema: nikusanyieni watu wangu. Wote tunatarajia awakusanye mataifa, waabudu sanamu, majirani. Anawakusanya waliofanya agano naye kwa dhabihu, maana yake wanakanisa. Anawaambia kwamba hawalaumu kwa uchache wa sadaka. Sadaka zipo kila siku. Anauliza, "Je! Nile nyama ya mafahali! Au ninywe damu ya mbuzi!" Kisha anafungua hati ya mashtaka: unazitaja sheria zangu kwa kinywa chako, nawe ulipomwona mwizi ulikuwa radhi naye. Umekaa ukamsengenya ndugu yako. Na sentensi inayonitisha kuliko zote katika kitabu kizima: ulifanya hayo, nami nikanyamaza, ukadhani kwamba mimi ni kama wewe.

Niseme wazi, kwa kuwa tuko wenyewe. Mwezi wa Julai mikorosho inatoa maua, salfa ya kupulizia inatakiwa, mtoto anadaiwa michango shuleni, mama yuko wodini. Ndani hamna kitu. Anakuja mtu mwenye fedha, mara nyingi ni mtu mnayefahamiana, anasema nakupa sasa, msimu utanilipa kwa korosho. Tuseme anahesabu kila kilo kwa shilingi 1,000. Oktoba mnada unafunguliwa, tuseme bei ni 2,500. Gunia linatoka kwenye uwanja wa mkulima linakwenda kwa yule, na mkulima anabaki na mabibo. Hakuna aliyevunja mlango, hakuna aliyeshika panga. Wote wawili waliridhiana. Na Jumapili ya shukrani ya mavuno yule mwenye fedha anakaa kiti cha mbele, anatoa bahasha nene, mwenye kipaza sauti anamtaja kwa jina na kwaya inamwimbia.

Zaburi ya 15 inauliza nani atakayekaa katika hema ya Bwana. Ukisoma majibu yake utashangaa yale yasiyoyataja. Hakuna habari ya sauti nzuri, wala ya sare, wala ya kiasi cha matoleo. Wanaulizwa juu ya ulimi, juu ya kiapo, na mwisho juu ya fedha: hakutoa fedha yake apate kula riba, hakutwaa rushwa amwangamize asiye na hatia. Maswali ya mlangoni yanahusu biashara yako ya Julai. Zaburi ya 24 nayo inarudia swali la mlangoni, na kitu cha kwanza inachokagua ni mikono.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mkoani kwetu msimu wa 2007/08 ulikusudiwa kumwepusha mkulima na unyonge wa aina hiyo: korosho inapimwa chamani, inakwenda ghalani, inauzwa mnadani. Una kelele zake, makato hayaishi kubishaniwa, na malipo yakichelewa ndipo mwenye fedha wa Julai anaporudi. Lakini mfumo wowote unaishia kwenye mkono wa mtu anayesoma mizani. Huyo karani wa mizani ana parokia anayosali. Mwenyekiti wa chama ana msikiti au kanisa. Ndugu zetu Waislamu, ambao ndio jirani zetu katika kila kijiji cha pwani na wengi huku juu, wana sura katika Kurani, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa ole juu ya wapunjao vipimo. Kwa hiyo hapa Kusini hakuna mpunjaji anayeweza kusema hakuambiwa na dini yake. Mithali nayo imesema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana.

Mtu ataniuliza: Mzee, una maana tuzikatae sadaka zao? Swali hilo waulizwe mapadri na wachungaji. Mimi nasema kwaya isimwimbie mtu kwa unene wa bahasha. Hilo liko ndani ya uwezo wa kwaya, halihitaji kikao cha sinodi.

Sasa upande wa mdhulumiwa, maana naye ana vishawishi vyake. Kuna Zaburi za kuomba kisasi: ya 58, ya 83, ya 109, mwisho wa ya 137. Ni ngumu. Ndugu zetu Wakatoliki, kitabu chenu cha sala za kila siku, Liturujia ya Vipindi, kilichotolewa mwaka 1971 baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kiliziacha tatu kati ya hizo nzima, 58, 83 na 109. Na ya 83 ni ya Asafu. Naheshimu sababu zao. Sisi wa jadi ya Kianglikana tulizoezwa kuzisoma Zaburi zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni, kwa hiyo ya 109 ilikuwa inatufikia upende usipende.

Kabla hujaona aibu juu ya Zaburi hizo, fikiri tuko wapi. Masasi hii ya misheni ilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipoleta kutoka Zanzibar kundi la watu waliokombolewa utumwani. Watu hao walishatembezwa njia za misafara kwenda pwani, Kilwa Kivinje na kwingineko, wakauzwa. Wakajenga hapa, wakalima, wakasali. Mwaka 1882 Magwangwara, wapiganaji wa Kingoni, wakaivamia misheni, wakachukua mateka. Mtu aliyewahi kutekwa akaachiliwa, kisha akaona wenzake wanatekwa tena mlangoni pa kanisa, mwekee Zaburi ya 137 mbele yake umwambie aruke mistari ya mwisho kwa kuwa haina adabu. Mimi siwezi. Kilio kile ni cha mtu asiye na polisi, asiye na jeshi, asiye na mahakama yoyote duniani ya kumsikiliza. Anampelekea Mungu hasira yake ikiwa mbichi.

Neno la kushika hapo ni "anampelekea". Akishaifikisha, inakuwa mikononi mwa hakimu. Na huko ndiko tunakokosea siku hizi, kwa njia mbili. Njia ya kwanza mnaisikia redioni: "wananchi wenye hasira kali". Kijana kadakwa na kuku, kabla ya saa moja hana uhai, na kati ya waliorusha mawe wapo waliotoka ibadani. Njia ya pili ni ya kimyakimya zaidi. Mtu anaibiwa, au anaumwa, au biashara imelala; anaamka usiku wa manane, anafungua Zaburi ya 35 au ya 109, anamtaja jirani yake kwa jina na kuisoma mara nyingi akielekea nyumba yake. Wengine wanafundishwa hivyo kwenye mikesha. Jirani mwenyewe ni bibi kizee ambaye kosa lake ni kuwa na macho mekundu kwa miaka ya kupikia kuni. Ndugu zangu, hiyo imekuwa halbadiri yenye jalada la Biblia. Anayefungua shauri anakubali kwamba hakimu anaweza kuamua vingine na kwamba anaweza kumgeukia yeye. Anayesoma Zaburi ili imdhuru mtu ameshaandika hukumu, na amemfanya Mungu kuwa tarishi wa kuipeleka.

Na Zaburi zenyewe zina kinga dhidi ya ulevi huo. Ya 143 inasema usimhukumu mtumishi wako, kwa kuwa mbele zako hakuna aliye hai mwenye haki. Ya 130 inauliza, Bwana akihesabu maovu, nani angesimama? Ni mdomo uleule uliokuwa unaomba kupimwa. Anataka shauri lake la shamba lihukumiwe, na anajua maisha yake yote yakihukumiwa hatatoka. Mtu mzima ana vyote viwili kifuani.

Kwa sisi Wakristo vinakutana kwa Bwana wetu. Alishtakiwa kwa ushahidi wa uongo, hakimu akajua hana hatia akanawa mikono, na msalabani maneno aliyolia nayo yalikuwa ya Zaburi: ya 22, "Mungu wangu, mbona umeniacha", na ya 31, mikononi mwako naiweka roho yangu. Petro anaeleza alichokuwa anafanya pale: alipotukanwa hakurudisha matukano, "bali alijikabidhi kwake yeye ahukumuye kwa haki". Alilifungua shauri lake na akaliacha kwa Baba. Siku ya tatu hukumu ikasomwa.

Nimebakiwa na Zaburi ya 82, na hii inanigusa mimi kuliko ninyi. Mungu anasimama katika kusanyiko, anawauliza wenye kuamua mambo ya watu: "Hata lini mtahukumu kwa dhuluma, na kuzikubali nyuso za wabaya?" Anawaamuru wamfanyie hukumu maskini na yatima. Kisha anawakumbusha kwamba watakufa kama watu wengine. Nimewaapisha watu wengi, hawa kwa Biblia, wale kwa Kurani, na kila mara mwenye kuapa alidhani kitabu kile kinamhusu yeye tu. Zaburi hii inasema kinamhusu pia aliyekaa kwenye kiti. Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wetu hapa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, alikuja akiwa anajulikana tayari kwa kuupinga ubaguzi wa rangi kule Sophiatown, Afrika Kusini, ambako watu walifukuzwa majumbani mwao kwa amri zilizopigwa mihuri yote ya kisheria. Dhuluma yenye muhuri ndiyo inayozungumzwa na Asafu. Leo wenye kiti si mahakimu tu. Ni mwenyekiti wa kitongoji anayegawa eneo, mwenyekiti wa chama cha ushirika (AMCOS), mjomba anayegawa mirathi ya mjane, mzee wa kanisa anayesikiliza ugomvi wa ndoa naye ameshakunywa chai kwa upande mmoja.

Na yule aliyejitambua leo kwamba yeye ndiye mwenye fedha wa Julai? Zakayo hakuandika wimbo. Alisema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Daftari unalo, majina unayajua. Anza na mmoja kabla mnada wa kwanza haujafunguliwa.

Kwa kwaya nina ombi moja. Zaburi ya 82 ina mistari minane tu. Itungieni sauti, kwa mahadhi ya hapa, na ngoma zetu, muiimbe Jumapili ya shukrani ya mavuno kabla matoleo hayajaanza. Mkishindwa kupata sauti, wamonaki wa Ndanda wako barabara hii hii. Kuimba Zaburi ni kazi yao ya kila siku, hawatawafukuza.

Sasa tuisome kwa kupokezana, upande wa madirisha na upande wa mlango. Mstari wa nane tuusome sote tumesimama: Ee Mungu, usimame, uihukumu nchi. Baada ya hapo kina mama wameniashiria kwamba chakula kiko tayari. Maswali nitayapokea tukishakula, na wale wanaosimamia mizani wapewe nafasi ya kwanza.